Ndoto Iliyopandishwa Pikapu

Nyumbani kwa kina Jelagat, huko Kaptarit, hakuna aliyeonja chai asubuhi kabla ya kueleza alichoota. Haikuwa sheria ya ukoo wala ya kanisa. Ilikuwa sheria ya mama yake, Chebet, naye aliirithi kwa nyanya yake. Ukiamka unaketi karibu na meko, Chebet anamimina chai, anakishikilia kikombe mwenyewe, halafu anakuuliza, "Umelala na nini?" Unamweleza. Kama hukuota unasema hukuota, na kikombe unapewa vilevile, maana Chebet hakuwa mkatili. Lakini ndoto ya kubuni aliitambua kabla hujafika katikati, na siku hiyo ulikunywa maji.

Jelagat alikuja Marekani kusoma, masomo yakakatika, viza ikaisha, akaajiriwa kuwaosha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee pale Hyattsville, Maryland. Miaka tisa ikapita. Maombi yake ya kukaa yalikuwa mezani kwa serikali, na mwanasheria alimwambia bila kuzungusha maneno: ukitoka nchini kabla ya jibu, umejifungia mlango. Kwa hiyo alikaa. Krismasi kwa Krismasi jamaa mmoja alimpeleka Chebet mjini kwenye simu, wakaongea wakipigiana kelele mpaka laini ikakatika.

Siku nyingine zote waliishi kwa kaseti. Zilikuwa mbili, moja ikienda moja ikirudi, na aliyezibeba ni yeyote aliyepata tikiti ya kwenda nyumbani. Chebet hakuwahi kurekodi neno. Alisema hawezi kuongea na kitu kisichomwitikia. Kazi yake ilikuwa kusikiliza: kila asubuhi anawasha redio kaseti ya jirani, anasikiliza ndoto moja ya binti yake, anabonyeza kuzima, ndipo anakunywa chai. Kaseti ikiisha kabla ya nyingine kufika, anairudisha mwanzo.

Jelagat naye alirekodi ndani ya gari la Awino. Awino alikuwa nesi, mwenzake wa nyumba, Mjaluo wa Ugenya asiyejua kunong'ona, na gari lake lilishinda limeegeshwa nyuma ya fleti chini ya mti wa majani mekundu. Alfajiri, kabla hata ya kupiga mswaki, kwa sababu dawa ya meno nayo ina ladha, Jelagat alishuka ngazi na blanketi mabegani, akajifungia humo na kinasa sauti mapajani. Vioo vilijaa mvuke wa pumzi yake. Taa za basi la kwanza zilipita zikiwa rangi tu, njano na nyekundu, zikiyeyuka kwenye kioo. Humo ndani hakuwa Maryland wala hakuwa Kaptarit, na alipenda sana mahali hapo pasipo jina.

Alfajiri moja ya mwanzo wa vuli alirekodi hivi: ameota jikoni kwa mama, na Dunstan mwana wa mwalimu, waliyesoma naye darasa moja, ameingia amevaa kaptura ya shule ilhali ana mvi. Amebeba benchi kichwani. Nyuma yake watu, watu, uwanja umejaa mpaka kwenye kitalu cha sukuma wiki, na hakuna anayesema neno. Mama anachukua kibuyu kimoja cha maziwa, anamnywesha Dunstan, anawanywesha wote mmoja mmoja, na kibuyu hakiishi. Basi. Akazima, akapanda ngazi, akanywa chai yake. Dada mmoja wa kanisani aliyekuwa akienda msibani Eldoret akaibeba hiyo kaseti.

Sasa sikilizeni vile dunia ilivyo na vituko. Kaseti ikiwa bado njiani, mbunge wa Kaptarit akaaga dunia. Marehemu alikuwa pia mwenyekiti wa kitaifa wa chama kimoja kidogo chenye kelele nyingi, ambacho watu walikiita kwa alama yake ya kura: chama cha Kibuyu. Viti viwili vikabaki wazi kwa mpigo mmoja. Na nani aliyejitokeza kugombea ubunge katika uchaguzi mdogo, akitaka na uenyekiti palepale? Dunstan, mwana wa mwalimu.

Jelagat hakujua lolote. Alijulishwa na Mwaura.

Mwaura aliishi Bowie, mji wa jirani, katika nyumba yenye gereji mbili, akifanya kazi ofisi ya serikali. Siasa ya Kenya aliifuata mpaka mke wake akaacha kumsemesha siku za kura. Hakutoka Rift Valley, hakuwa na hata shangazi Kaptarit, lakini mfikishe uani baada ya ibada, mpe kikombe cha chai na chapati, atakuambia nani anapanda na nani anashuka kata kwa kata. Jumapili hiyo alikuja moja kwa moja kwa Jelagat huku akicheka.

"Haiya, kumbe wewe ni nabii na umekaa kimya!"

"Nabii wa nini tena, Mwaura?"

"Ndugu yangu anaendesha lori la mbao. Amepita soko la Kaptarit akakuta pikapu ya Dunstan ina vipaza sauti juu, na mwanamke wa Amerika anaongea. Kibuyu hakiishi, kibuyu hakiishi! Akina mama wanalia. Wanasema ni binti ya Chebet."

Jelagat aliweka chapati yake chini. Sauti ile aliyoitoa akiwa na blanketi mabegani, nywele hazijachanwa, kinywa hakijaoshwa! Sauti iliyokuwa ya mama peke yake! Aliona haya mpaka masikio yakawaka, kama mtu aliyechunguliwa bafuni.

Lakini uani hapo hakuna aliyeona haya yake. Walichoona ni Dunstan, mwenyekiti mpya wa chama. Wengine walimshika mkono kwa pongezi, wengine, waliompenda mpinzani wa Dunstan, walinuna wakasema ati amelipwa. Mzee mmoja wa kanisa alimuuliza kwa unyenyekevu kabisa kama anaweza kumwota kijana wake apate kazi. Msichana wa chuo kule College Park akataka aotewe green card. Mwaura alikuwa ameshachora ramani kwenye karatasi ya kufutia mikono: Dunstan akichukua Kaptarit, wajumbe wa mlimani wanamfuata, wajumbe wa ziwani wanagawanyika, na Kibuyu ni chake mpaka uchaguzi mkuu.

"Na kaseti iko wapi?" Jelagat akauliza.

Wakamtazama. Kaseti? Nani alikuwa akizungumzia kaseti?

Jioni alinunua kadi ya simu akampigia binamu yake Kipchumba, maana alishakisia. Kipchumba alikuwa wakala wa Dunstan, na ndiye aliyemnunulia Chebet mawe ya redio, yaani betri. Hakukana hata kidogo.

"Ni mimi niliichukua, dada. Nilienda kuweka mawe nikaisikia. Nikasema, hii ni mkono wa Mungu! Nilimwambia mama ni ya siku moja tu."

"Siku moja? Wiki ngapi sasa? Na mama anasikiliza nini?"

"Mama yuko sawa kabisa. Ila chai ndiyo amekataa." Kipchumba akacheka. "Asubuhi anakaa na kikombe mkononi mpaka kinapoa, anakimwaga. Anasema hajaambiwa kitu. Unamjua mama."

"Anakula?"

"Kidogo. Saa sita, saa saba. Amekonda kiasi, lakini wazee si hukonda."

Jelagat alimtukana kwa lugha ya kwao. Nitaliacha neno lenyewe huko lilikotamkiwa, ila Awino, ambaye hakuijua lugha hiyo, alilielewa akiwa chumba cha pili. Kipchumba akangoja matusi yaishe, halafu akasema kwa upole wa mtu wa siasa: kaseti itarudi, usijali. Tena siku ya matokeo mama ataletwa mjini, kwenye ofisi ya chama, aongee naye kwa simu hata saa nzima. Wajumbe wa kuchagua mwenyekiti watakuwa wamekusanyika hapo. Kitu kimoja tu: Jelagat awe na ndoto nyingine. Hii ya kwanza imetosha kwa ubunge, lakini wajumbe wanataka kusikia habari ya uenyekiti.

"Ndoto haiagizwi kama soda, Kipchumba."

"Jaribu tu, dada. Wewe unalala kila siku."

Na hapo ndipo ilipokuja balaa yenyewe. Jelagat alilala asiote. Usiku wa kwanza alidhani ni hasira. Wa pili, uchovu. Baada ya hapo alijua. Alifumba macho, akafumbua, asubuhi imefika, na kati ya hayo mawili hamna kitu, hata kivuli cha mtu kupita. Alfajiri alishuka kwenye gari na blanketi lake, akabonyeza kitufe, kaseti ikazunguka ikinasa pumzi yake. Aliwaza: nikimtumia mama pumzi tupu, atakunywa? Majani mekundu yalikuwa yakidondoka juu ya paa, moja moja, na humo ndani yalisikika kama mtu anayebisha hodi kisha anaghairi.

Kila mtu alikuwa na ushauri. Awino alimpikia samaki wa kukaanga alale amevimbiwa, akisema tumbo likijaa lazima uote umefukuzwa na kitu. Jelagat hakufukuzwa na kitu. Alibadilisha upande wa kitanda. Alilala sebuleni. Kazini alitembea vyumba vya wazee waliosinzia mchana kutwa, midomo ikisema maneno nusu nusu, mikono ikipapasa shuka kutafuta watu waliokufa zamani, akawaonea wivu. Wakati mwingine alisimama mlangoni na shuka safi mkononi akisikiliza tu, na korido yote ilionekana kuelea, mwanga mweupe, harufu ya sabuni, televisheni inanong'ona mahali.

Siku moja alimwambia Laurence. Laurence alitoka Uvira na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, alifanya naye zamu moja, mama mpana mwenye moyo mpana zaidi.

"Niazime ndoto, Laurence."

Laurence hakucheka. Aliendelea kukunja taulo. "Kamata tu, mama. Miye niko nazo mingi. Ila zangu ziko na mayi sana."

"Nipe hiyo hiyo ya maji."

"Bon. Niliota ziwa imefunga mulango yake. Watu wote tuko inje, tunapiga hodi. Sasa kukakuja mwanaume moja na kiti kwa kichwa, akaikalisha juu ya mayi, kiti haikuzama. Akaikala. Ziwa ikafunguka, tukaingia tukachota." Alinyoosha taulo ya mwisho. "Ilinifurahisha ile. Lakini ikitoka kwa kinywa yako, mama yako ataipenda?"

Jelagat akazibeba taulo zile, akaondoka nazo. Kiti juu ya maji! Wajumbe wangepiga vigelegele mpaka paa ling'oke. Aliichukua ndoto hiyo akaibeba moyoni wiki nzima, akairudia kwenye basi, akairudia akikanda mikono ya wazee kwa mafuta, mpaka akaanza kuliona ziwa lenyewe. Alijiambia si uongo mkubwa. Mtu ameiota kweli, si hewa. Mama apate kaseti, mama anywe chai, Dunstan apate kiti chake, shida iko wapi?

Wakapiga kura Kaptarit siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi, jua la Hyattsville likiwa ndiyo kwanza linagusa madirisha na kule nyumbani limeshapinda, sebule ya Awino ilijaa. Mwaura alikuwa amekuja kutoka Bowie na tai shingoni, kabla ya kazi. Walikuwapo na wale wa mpinzani, wameketi upande wao karibu na friji. Jelagat akapiga simu kwa kadi yake, Awino akabonyeza kitufe cha kuongeza sauti wasikie wote.

"Tumeshinda!" Kipchumba alipiga kelele. "Tumewamaliza! Dada, tumewamaliza!"

Mwaura aliruka akagonga taa. "Si niliwaambia? Kata kwa kata, si niliwaambia?" Upande wa friji ukasema kura zimeibwa, mwingine akasema subirini korti, Awino akawafokea wote wanyamaze, kadi ya simu inakwenda.

"Mama yuko hapo?" Jelagat akauliza.

"Yuko, amekaa kando yangu. Na wajumbe wako hapa, ofisi imejaa hadi nje. Wanakusikia kwa spika."

"Amepewa kaseti yake?"

Kipchumba akakohoa. "Unajua, ile kaseti... ile mashine ya pikapu iliitafuna juzi. Tulijaribu kuivuta na penseli. Lakini nitamnunulia nyingine, dada, mpya kabisa."

Jelagat alikaa chini sakafuni. Hakulia. Aliona tu utepe ule mwembamba ukitoka matumboni mwa pikapu, mrefu, wa hudhurungi, ukipeperuka sokoni na sauti yake yote. Mwaura alimgusa bega, masikini, akamnong'oneza, "Sasa toa ile kitu. Wajumbe wanangoja." Kwa anayetaka kujua, uenyekiti wenyewe alipewa mtu mwingine kabisa baada ya wiki mbili, mfanyabiashara wa Nakuru ambaye Mwaura hakuwa amemweka popote katika ramani yake. Lakini asubuhi hiyo sebule nzima iliamini kwamba chama cha Kibuyu kilikuwa kimekaa katika kinywa cha Jelagat.

Halafu ikasikika pumzi. Pumzi ya mtu mzee aliyeikaribia simu kuliko inavyohitajika.

"Jelagat."

"Mama."

"Umelala na nini?"

Jelagat alifumba macho, na ziwa la Laurence likaja bila kuitwa, jeupe, limefungwa, watu wamesimama nje.

"Niliota ziwa, mama," akaanza. "Limefunga mlango wake. Watu wanabisha hodi, halafu mtu mmoja..."

Kule upande wa pili Chebet hakuitikia "ehe" yake ya pale mekoni. Na Jelagat, aliyekuwa akikaribia arobaini, akajisikia mtoto wa darasa la pili aliyekaa karibu na meko akiongea upesi upesi.

"Hapana, mama," akasema. "Hiyo si yangu. Mimi sijaota. Tangu nisikie wamekuchukulia kaseti sijaota kitu."

Mnong'ono ukapita sebuleni kati ya walioielewa lugha ya mama na binti. Mwaura akazitazama nyuso zao, akashika kichwa. Kutoka ofisi ya chama mtu akasema kwa Kiswahili, kwa uchungu, "Amesema hana?" na mwingine akamwambia anyamaze.

"Haya," Chebet akasema. "Basi leo nieleze mimi. Hakuna aliyeniuliza tangu uondoke."

Jelagat akaikaribia simu.

"Nimekuota umekuja. Umesimama mlangoni, ukasema, mama, ni mimi. Nikainuka. Lakini mwanangu, hukuwa na uso. Palikuwa laini tu, kama ndani ya chungu. Nikakupapasa kichwa chote nikiutafuta. Nilipoamka nikasema, ni ndoto, nitaukumbuka nikishanawa. Nikanawa. Sikuukumbuka. Nikasema, nitazame picha ukutani, lakini picha mimi siioni tena, macho yamejaa ukungu, sijamwambia mtu. Sauti ninayo. Hata hiyo wameitafuna." Akaisogeza simu karibu zaidi. "Ulikuwa unafanana na nani, Jelagat?"

Awino, asiyejua kunong'ona, alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, ingawa hakuelewa neno. Jelagat alijishika shavu, kisha pua, kisha paji la uso, akitafuta kitu cha kujibu. Angesema nini? Nafanana na baba? Nafanana nawe? Kwa miaka tisa alimhesabia mama yake ndoto, akadhani inatosha.

"Nakuja, mama."

"Unakuja lini?"

"Sasa. Nikipata ndege. Nakuja unishike."

Ofisi ya chama ikalipuka. Walidhani nabii amekubali kuja kuwasaidia. Wakapiga vigelegele, mtu akaanzisha wimbo, Kipchumba akapaza sauti kwamba watamtumia pikapu mpaka uwanja wa ndege wa Eldoret. Katikati ya zogo hilo Jelagat alisikia mama yake akisema, "Haya. Haya basi," mara mbili, kwa sauti ya chini, na kadi ikaisha.

Mwaura alirekebisha tai, akasema lazima awahi kazini, akatoka bila kumuaga mtu, na wale wa upande wa friji wakamfuata. Awino akakaa sakafuni kando ya Jelagat.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia naenda."

"Yawa, Jelagat! Na makaratasi? Ukitoka hapa hawatakurudisha. Si wakili alikuambia?"

"Aliniambia."

"Miaka tisa yote hiyo, uitupe hivi hivi?"

Jelagat aliinama, akauchukua mkono wa Awino, akauweka usoni pake, akauacha hapo.

"Niambie nina uso gani," akasema, "nikamwambie."